Luhende, Umemaliza?

Kamanga, Sengerema
Jumatatu, 8 Julai 2024

Wifi yangu Renatha,

Salamu kwanza. Sisi huku ni wazima, dagaa wanakauka vizuri, na upepo wa mwezi huu unatupulizia vumbi mpaka kwenye chai. Mtoto hajambo? Mama ananiuliza kila siku kama nimemwona mjukuu wake, na kila siku namjibu kwamba nitamwonaje wakati mama yake hapokei simu. Nimepiga mpaka nimechoka. Ndiyo maana leo nakuandikia kama watu wa zamani, na barua nampa Evelina, mwenzetu wa kikundi, ambaye kila Jumanne anavuka na kivuko kupeleka dagaa wake hapo kwenu Mabatini. Usipomfungulia mlango atakaa nje mpaka umfungulie. Namfahamu.

Halafu ujue barua hii naiandika kwenye kompyuta ya kikundi, mimi Bernadeta niliyekuwa naogopa hata rimoti ya televisheni. Nikikaa mbele yake inaniuliza: Unataka kufanya nini? Na chini yake yamepangwa maneno ya watu, si maneno ya wataalamu. Andika barua. Piga hesabu. Angalia picha. Sikiliza redio. Tafuta kilichopotea. Nabonyeza Andika barua, karatasi nyeupe inajitandaza, naanza. Akina mama wote wamekwisha kuizoea menyu ya marehemu Luhende, hata wale waliokuwa wanasema kompyuta ni ya watu wa ofisini.

Lakini kuna shida, na wewe ndiye uliyemmalizia kazi hii, kwa hiyo nakuletea wewe. Mashine haizimwi. Inashinda imewaka na inalala imewaka. Betri za sola zimeanza kuchoka, feni yake inakoroma, na juzi nilipoishika pembeni ilikuwa ya moto kama sufuria. Wavuvi wanasema wakiwa mbali ziwani wanaliona dirisha letu linang'aa, na siku hizi wamelizoea hata wanalitumia kujua nyumbani ni wapi. Naomba uangalie menyu upya. Labda kuna kitu cha kurekebisha huko kwenye kuzima.

Mengine si ya kuandika. Mbusu mtoto.

Wifi yako,
Bernadeta (Mama Precious)


Mabatini, Mwanza
Jumatatu, 15 Julai 2024

Wifi, shikamoo.

Evelina alikaa nje kweli, juu ya ndoo yake, akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Nikamfungulia.

Nisamehe kuhusu simu. Ya mwisho niliyopokea kutoka upande huo uliipiga wewe, Novemba, ukaniambia Luhende amekosa kivuko, amepanda mtumbwi wa injini akiwa na kile kioo kibovu cha kompyuta yenu amekifunga blanketi, na mtumbwi haujafika Mwanza. Tangu siku hiyo namba ya huko ikiingia, mkono wangu unakuwa mzito. Barua naiweza. Barua haina sauti.

Nikujibu la mashine. Nimefikiri sana na nadhani kosa ni la mpangilio. Unakumbuka Luhende alivyofanya kazi hii: alishinda kwenye vichanja vyenu vya kuanikia dagaa akiwauliza mnataka kufanya nini, na hakutaja programu hata moja. Kabla yake alikuja mwalimu aliyewafundisha majina ya programu, mkayakariri kama katekisimu na mkayasahau kabla hajafika kivukoni. Luhende alisema hakuna mtu anayeamka asubuhi akataka programu. Mtu anaamka anataka kumwandikia mwanawe, au anataka kujua kama amepata hasara. Kwa hiyo menyu ikawa ya kazi za watu, na hata kitufe cha kuzima hakukiita kuzima. Alikiita Maliza kazi, na ukikibonyeza mashine inakuuliza kama umemaliza, unajibu Ndiyo au Bado.

Sasa Maliza kazi nilikuwa nimekiweka chini kabisa, kwa herufi ndogo. Naona akina mama hawakioni. Nimekipandisha juu, nimekipaka rangi nyekundu, na lile swali lake nimelikuza lijaze kioo chote, herufi nene, ili hata asiye na miwani alisome. Evelina anakuja na flashi. Ichomeke, bonyeza Ndiyo, itajirekebisha yenyewe. Nina hakika tatizo litaisha.

Mtoto anaendelea vizuri. Anaitwa Queen. Hilo jina liliandikwa na nesi, mimi nikiwa nimegeukia ukutani, na aliyelitamka ni dada wa kitanda cha jirani. Jioni analia sana, mpaka majirani wananiletea dawa za kila aina. Ni tumbo tu.

Jambo moja. Umeandika "marehemu". Nimelikata kwa kalamu. Blanketi lilipatikana likielea, na mwenye mtumbwi aliogelea akafika. Luhende hajapatikana, na mtu ambaye hajapatikana hajafa. Baba yangu, mzee Kaijage, alipiga simu kutoka Bukoba akashauri tufanye kama wanavyofanya baadhi ya watu wa kwetu maji yasiporudisha mtu: unakatwa mgomba, unavishwa shuka, unazikwa, watu wanalia na kumaliza. Nilikata simu, wifi, na yule ni baba yangu mzazi. Sitazika mti nikauita mume wangu.

Msalimie Mama.

Renatha


Kamanga
Jumatatu, 22 Julai 2024

Mdogo wangu,

Umetuharibia kabisa.

Nilichomeka flashi mbele ya kikundi kizima kama ulivyosema, mashine ikajirekebisha, na tulipobonyeza hicho chekundu chako kioo chote kikajaa maneno makubwa kama ya kwenye gari la matangazo. Akina mama watatu walitoka nje bila viatu. Tangu hapo hakuna anayeingia ila mimi na Mama. Wengine wananiletea hesabu zao dirishani wakiwa wamegeuza shingo.

Nilikuficha jambo katika barua ya kwanza, kwa sababu nilidhani utaniona mshamba. Naona kuficha kumeleta herufi nene, basi acha niseme. Akina mama wanakiona Maliza kazi. Tangu siku ya kwanza walikiona. Hawakibonyezi kwa sababu ya swali. Wewe umeandika kwamba mashine inauliza kama umemaliza. Haiulizi hivyo, na nadhani unajua. Inauliza hivi:

Luhende, umemaliza?

Ndiyo. Bado.

Nani wa kumjibia, Renatha? Mara ya kwanza niliibonyeza mimi, jioni moja, nikitaka kufunga mlango niende zangu. Nilipoliona jina, mkono ukasimama wenyewe. Mtu hayupo, hakuna aliyemzika, hakuna aliyemwona, halafu mimi dada yake niseme Ndiyo, amemaliza? Nikabonyeza Bado, nikaondoka. Kesho yake Evelina akabonyeza Bado. Mwingine naye Bado. Hatukuambizana. Tulikuja kugundua baadaye kwamba kila mmoja wetu alikuwa akifanya hivyo hivyo, na hapo ndipo tulipoogopa.

Na swali lenyewe ni la Mama. Sijui kama alikusimulia. Tukiwa wadogo tukilima pamba, kila mtoto alipewa mstari wake, na jua likikaribia kuzama Mama alipita akituita mmoja mmoja: Bernadeta, umemaliza? Luhende, umemaliza? Ukisema ndiyo, unakwenda nyumbani. Ukisema bado, hagombi. Anakuachia kibuyu cha maji, anatangulia, kisha anarudi kukuchukua. Luhende alikuwa mvivu wa jembe, kila siku bado, na kila siku Mama alirudi kumchukua. Alipotengeneza hiyo mashine ni kama alimchukua Mama akamweka ndani.

Sasa Mama anashinda humo. Asubuhi akifika, mashine imeandika Karibu, Luhende. Mama hajui kusoma sana lakini hilo jina analijua lilivyo. Wiki iliyopita aliniuliza yale maneno mengine yanasema nini. Nikamsomea yote mpaka Tafuta kilichopotea. Akasema, bonyeza hapo. Nikamwambia Mama, hiyo ni ya kutafuta barua na picha. Akasema bonyeza, andika jina. Nikaandika. Wifi, mashine ilileta majibu mpaka kioo kikajaa, nikashuka chini bado yapo, Luhende, Luhende, Luhende, mistari na mistari. Mama akaweka kiganja kwenye kioo. Akasema: "Kumbe yumo. Mbona ninyi mlikwenda kumtafuta ziwani?"

Kama una jibu la kitaalamu niandikie, nimsomee.

Yeye mwenyewe ameshapata lake. Anasema jina halina pa kukaa, ndiyo maana limeingia kwenye mashine. Na anasema mtoto wako halii tumbo. Unajua mila yetu: mtoto akilia bila kukoma, anatafuta jina lake kwa waliotangulia, na akipewa lile lenyewe ananyamaza. Mama anataka mtoto aitwe Luhende. Nilimwambia ni wa kike. Akasema jina halichagui sketi wala suruali. Anakuomba uvuke umlete.

Nimesema nilichotumwa. Usinikasirikie mimi.

Bernadeta


Mabatini
Jumatatu, 29 Julai 2024

Wifi, shikamoo.

Namsikia Mama na namheshimu. Jibu ni hapana.

Kwenu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai kwa namna hiyo. Anapewa la aliyetangulia. Siku nitakayomwita mtoto wangu Luhende nitakuwa nimekubali kwa mdomo wangu kwamba baba yake amekufa, na hakuna mtu atakayehitaji tena mgomba wala shuka. Mnataka nimzike kwa kumwita mtoto. Sitaki. Mmeniambia mambo mengi tangu Novemba na yote nimeyabeba, hili sitalibeba.

La kitaalamu ni hili. Menyu niliinakili kutoka kompyuta yake mwenyewe. Kila alichokifanya kimehifadhiwa chini ya jina lake, kwa hiyo ukilitafuta jina litakuja mara nyingi. Ni kama kulitafuta jina la mwenye nyumba kwenye nyumba yake. Hayumo. Mwambie Mama kwamba hayumo, mwambie taratibu.

Ndiyo, nilijua jina liko pale. Kulibadilisha ni kazi ya muda wa kuchemsha maji. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima na sikuweza. Nilifurahi kwamba kuna mahali duniani ambapo kila siku kitu kitamwambia karibu. Hapa kwangu hakuna anayemkaribisha tena, watu wakifika wananiambia pole. Sikufikiri kwamba mahali hapo kutakuwa na swali la pili.

Basi nimelifuta. Flashi anayokuja nayo Evelina safari hii italiondoa jina na kuweka neno Mgeni. Itasema Karibu, Mgeni. Itauliza, Mgeni, umemaliza? Mgeni yeyote anaweza kusema ndiyo. Ichomeke leo hiyo hiyo, zimeni mashine, zipumzike betri na mpumzike ninyi.

Na tafadhali tusiandikiane tena kuhusu majina.

Renatha


Kamanga
Jumatatu, 19 Agosti 2024

Mdogo wangu Renatha,

Nimekaa kimya kwa sababu ulininyamazisha, na kwa sababu sikujua pa kuanzia.

Flashi yako haikuchomekwa. Nilimsomea Mama barua, yote, sikuruka neno. Aliposikia kwamba mwanawe ataitwa Mgeni aliniomba hiyo flashi aione. Nikampa. Akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, na mpaka leo iko hapo, anaoga nayo na kulala nayo. Sasa mimi nikamnyang'anye mama yangu kitenge?

Jumatano ya wiki iliyopita mashine ilizimika yenyewe. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, mimi naandika hesabu ya magunia na Mama amekaa kwenye kigoda chake. Betri nyingi zilikuwa zimekufa kabisa. Haikuuliza kitu. Kioo kilikuwa kinawaka, mara kikawa cheusi, na feni ikashuka pole pole mpaka ikanyamaza. Chumba kile hatukuwa tumewahi kukisikia kimya tangu mashine ije.

Renatha, Mama hakulia Novemba. Ulikuwepo, ulimwona. Watu walisema ana moyo mgumu. Siku hiyo ya Jumatano alilia mpaka watu wakaacha dagaa juani wakaja mbio, wakidhani kuna mtumbwi mwingine. Alikuwa anasema jambo moja tu, anarudia: "Hamkumuuliza. Amechukuliwa tena na hamkumuuliza."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Si kwamba Mama hajui amekufa. Anajua kuliko sisi. Kinachomtesa ni kwamba mtoto wake aliondolewa mstarini katikati ya kazi, hakuna aliyemwita, hakuna aliyemsubiri ajibu. Na yeye ndiye aliyekuwa akiuliza.

Jioni wavuvi walikuja wenyewe. Walikuwa wamekosa dirisha, wakauliza kwa nini. Tulipowaambia, mzee wao Revocatus akatoa betri moja ya zile wanazowashia taa za dagaa majini, akasema mitumbwi yake itavumilia na taa pungufu. Wakaifunga, mashine ikawaka, ikaandika Karibu, Luhende. Nilitamani kucheka na nilitamani kukimbia. Mama alifuta machozi, akaiambia mashine asante kama mtu aliyeletewa chai.

Nikamuuliza, Mama, unataka nini hasa, kwa sababu hii betri nayo itakufa. Akasema anataka Luhende aulizwe na ajibu, basi, kisha mashine izimwe kama mashine za watu wengine. Nikasema, jibu wewe, wewe ndiye uliyemzaa. Akasema hawezi. Mtu ambaye jina lake halina pa kukaa, ukisema amemaliza unamfukuza atembee bila kwao. Lakini jina likishapata mwili mwingine, mwenye jina anaweza kumjibia. Hivyo ndivyo anavyoona, na mimi nimechoka kumbishia.

Sikuombi kitu. Umesema hapana, na wewe ndiye mama wa mtoto. Nakupa habari tu. Precious amejifungua huko Buhongwa, mtoto wa kiume, na kesho navuka kwenda kumkanda maji. Nitakaa huko mwezi mzima au zaidi. Ningeweza kupita kwako hapo Mabatini lakini sitapita, usije ukasema nimekuja kukushika mkono. Ufunguo wa chumba ameachiwa Mama. Yuko peke yake na mashine, na betri ya Revocatus si ya milele.

Kama mtoto bado analia jioni, mpake mafuta ya nyonyo kidogo tumboni. Kama ni tumbo.

Bernadeta


Kamanga, Sengerema
Jumatatu, 2 Septemba 2024

Wifi yangu, shikamoo.

Hongera ya mjukuu. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako, nimebonyeza Andika barua, na Evelina kesho atavuka nayo kisha atafute mtu wa kuifikisha Buhongwa. Mto wa kiti chako umepasuka, nimeushona.

Barua yako niliisoma, nikaiweka juu ya kabati, nikajiambia imekwisha. Haikuisha. Kila nilipowasha kompyuta yangu kazini nilikuwa naogopa kuizima. Nayo ina menyu ya Luhende, inaniuliza, Renatha, umemaliza? Siku zote nilikuwa nabonyeza tu. Sasa nikawa nakaa pale nafikiri kwamba siku ile hakuna aliyemuuliza mume wangu swali lake mwenyewe. Alitengeneza swali kwa ajili ya wengine, yeye akaondoka bila kuulizwa. Mama ameona kitu ambacho mimi, niliyeandika menyu hiyo pamoja naye, sikukiona. Na kulikuwa na hili lingine, ambalo nakwambia wewe peke yako: nyumbani nilikuwa natenga sahani yake. Tangu Novemba. Nilikuwa nabonyeza Bado kama ninyi, kila siku, kwa ubwabwa.

Ijumaa nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda kivukoni. Sikuwa nimelitazama ziwa tangu mwaka jana. Nilikaa katikati ya magari, nyuma ya lori la saruji, nisione maji. Mtoto alilia kutoka ng'ambo mpaka ng'ambo. Mama mmoja aliniuliza anaitwa nani nikasema Queen, akasema mbona halifanani naye, na mimi nikalia pale pale mbele ya mtu nisiyemjua.

Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba. Amekonda, wifi, ukirudi umlazimishe kula. Nikapiga magoti, nikamwambia shikamoo, akasema marahaba mkwe wangu, na hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Alinyoosha mikono tu. Nikampa mtoto. Nikamwambia: "Mama, nimemleta. Mpe jina."

Nilidhani kungekuwa na maneno mengi. Alimwinamia sikioni, akalitamka mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Luhende. Evelina na akina mama wengine walikuwa wamejaa dirishani kusikiliza kama mtoto atanyamaza.

Hakunyamaza. Nitakuwa mkweli. Alilia vilevile, na pengine zaidi. Mama akasema basi huyu ni yeye kweli, hata baba yake alikuwa mbishi. Akina mama wakacheka dirishani, mara ya kwanza wamesogea karibu na chumba kile tangu herufi zangu nene.

Tukaingia. Mama akaketi mbele ya mashine na mtoto mapajani. Nikabonyeza Maliza kazi. Kioo kikajaa lile swali, kubwa, nililolikuza mimi mwenyewe nikidhani tatizo ni miwani. Luhende, umemaliza? Sikuweza kulisoma kwa sauti. Mama ndiye aliyeliuliza. Aliliuliza kwa Kisukuma kwanza, kisha kwa Kiswahili, na nikajua ndivyo mlivyolisikia ninyi kwenye pamba. Nikachukua kidole cha mtoto, nikakiweka kwenye kipanya, mshale uko juu ya Ndiyo, kila kitu tayari. Kabla sijambonyezea, mtoto akavuta mkono kwa hasira zake, kipanya kikateleza, kidole kikabonyeza.

Bado.

Swali likaondoka. Ikarudi menyu: Unataka kufanya nini?

Nilifikiri, basi, amekataa, hatutatoka humu. Ndipo nikamsikia Mama anacheka. Si kicheko cha mtu aliyerukwa na akili, ni kile chake cha zamani, cha kabla ya Novemba. Alimgeuza mtoto akamtazama usoni, akasema:

"Huyu bado. Huyu ndiyo kwanza amepewa jembe."

Akanipa mtoto. Akashika kipanya yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, nikamwonyesha pa kupeleka mshale, Maliza kazi, na swali likarudi. Luhende, umemaliza? Mama akasema kwa sauti ya chini, hakuwa anasema na sisi:

"Yule amemaliza. Nenda nyumbani, baba."

Na akabonyeza Ndiyo.

Kioo kikawa cheusi, feni ikashuka ikanyamaza. Tulilia, wifi, wote, mimi nimekaa sakafuni na mtoto akinishindania sauti. Nililia kilio cha mtu ambaye mume wake amekufa. Sikuwa nimekilia bado. Baadaye Mama alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na kibuyu cha maji, akakiweka kizingitini upande wa ziwa, akaniambia tuingie tukale. Revocatus amerudishiwa betri yake. Wavuvi wamekubali kuweka taa ndogo dirishani, ya kwao wenyewe, maana walikuwa wameshazoea.

Tumekaa matanga siku mbili hizi. Ningekuita, lakini Mama alisema usimwache mzazi, na kwamba kulia utalia huko huko ukipata barua hii. Baba yangu anakuja Jumamosi. Nimemwambia asilete mgomba.

Leo asubuhi tuliiwasha, kwa betri za sola zilizobaki nzima, kwa sababu akina mama wana hesabu zao. Nilimuuliza Mama kama niliondoe jina sasa. Alifungua pindo la kitenge akanirudishia flashi yangu, akasema jina liachwe, lina mwenyewe. Kwa hiyo imesema kama siku zote, Karibu, Luhende, na Mama akaitika kwa niaba ya aliye mgongoni kwake. Nimepunguza tu herufi.

Naishia hapa. Jua linashuka na chumba kinataka kufungwa. Nikibonyeza itaniuliza kama Luhende amemaliza, na nitajibu Ndiyo bila wasiwasi, maana kwa leo amemaliza: amekunywa, amelia akachoka, na amelala mgongoni kwa bibi yake.

Wifi yako,
Mama Luhende